Ufukwe ni wa wote, mbwa ana mwenyewe

Halmashauri zetu nyingi zina namna mbili za kushughulika na mbwa. Ya kwanza ni kumsahau. Ya pili ni kupitisha gari la matangazo mitaani kwamba kuanzia kesho mbwa yeyote atakayeonekana akizurura atapigwa risasi, kumpiga kweli kwa siku tatu nne, kisha kurudi kwenye ile ya kwanza. Katikati ya hizo mbili, pale ambapo sheria ndogo zilipaswa kukaa, ama hakuna kitu, ama kuna karatasi iliyopitishwa na baraza la madiwani ambayo hata mtendaji wa mtaa hajapata kuitia machoni.

Pengo hilo huonekana vizuri zaidi ufukweni. Mtaani ukimwogopa mbwa unavuka barabara, unapita upande wa pili. Ufukweni upande wa pili haupo: huku maji, huku ukuta wa mtu au miamba. Bahari ikijaa, mchanga wa Coco Beach pale Oysterbay unabaki ukanda mwembamba, na humo humo Jumapili jioni wamo wauza mihogo ya kukaanga, watoto wanaojifunza kuogelea kwa madumu matupu, vijana na mpira wao, wapenzi, wazee waliokuja kunyoosha miguu, na mbwa.

Nasema hivi: kanuni nzuri ya mbwa haimlengi mbwa, inamlenga mwenye mbwa. Na mahali padogo panapogombewa na wengi, kanuni hiyo igawe saa. Isijaribu kuamua nani anampenda mbwa na nani anamchukia, kwa sababu hilo halimo katika uwezo wa halmashauri yoyote.

Tuwatazame kwanza hao mbwa wenyewe. Yupo wa matembezi, yule wa kizungu mwenye manyoya yaliyopigwa brashi, anayeletwa asubuhi kutoka kwenye nyumba kubwa. Yupo mbwa wa uani, anayefungwa mchana na kufunguliwa usiku nyuma ya geti lenye kibao cha kuonya kuwa ni mkali. Gari la mwenye nyumba likitoka alfajiri, naye anatoka nalo, na kurudi kwake ni pale njaa itakapomkumbusha. Halafu yupo huyu tunayemwita mbwa koko, anayelala kivulini chini ya ngalawa zilizopandishwa mchangani Kunduchi, akisubiri wavuvi watupe matumbo ya samaki.

Hasira za watu humwangukia huyu wa mwisho, na risasi za halmashauri humtafuta yeye. Lakini watafiti waliofanya kazi kwa miaka mingi vijijini Tanzania, hasa katika wilaya zinazopakana na Hifadhi ya Serengeti, wamekuta kwamba mbwa wengi wanaozurura wana kwao. Ipo kaya inayomtupia ukoko wa ugali, wapo watoto wanaomwita jina akaja. Mbwa wasio na mtu kabisa ni wachache kuliko tunavyodhani. Kwa hiyo kinachozurura ufukweni, mara nyingi, ni uzembe wa mtu mwenye jina, mwenye nyumba na mwenye balozi wake.

Hapo ndipo risasi inapokosea shabaha. Bunduki haiulizi nani amechanjwa. Inamuua aliyechanjwa mwezi uliopita pamoja na asiyewahi kuona sindano. Mwenye mbwa akirudi nyumbani akakuta mlinzi wake hayupo, atatafuta mtoto wa mbwa kwa jirani, na huyo mgeni hana kinga yoyote. Baada ya wiki chache idadi imerudi palepale, ila sasa waliochanjwa ni wachache kuliko mwanzo. Halmashauri imetumia risasi, imetumia posho, na imeuacha mtaa katika hatari kubwa zaidi.

Na hatari hiyo si ya kufikirika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, kwamba karibu wote huambukizwa na mbwa, na kwamba wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Kwa Tanzania, makadirio yanayotajwa zaidi ni vifo vipatavyo 1,500 kwa mwaka. Dalili zikishajitokeza, daktari hana karibu chochote cha kufanya. Kabla ya hapo mambo ni mengi: kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kukimbilia kituo cha afya, kumaliza sindano zote bila kuruka hata moja. Mzazi aliyewahi kuhangaika na sindano hizo anajua maana yake: nauli ya kwenda na kurudi, chanjo ambayo leo ipo na kesho imekwisha, siku za kazi zilizopotea. Mbwa kumchanja ni sindano moja. Wajibu huo tumeuhamisha kutoka kwa mwenye mbwa, tukambebesha mama wa mtoto aliyeumwa.

Kiwango kinacholengwa kinajulikana: ukichanja mbwa saba katika kila kumi, na ukarudia kila mwaka kwa sababu mbwa wetu hawaishi sana na wapya huzaliwa kila siku, ugonjwa unakosa pa kupita. Anayedhani hayo ni mambo ya Ulaya aitazame Pemba. Kampeni ya kuchanja mbwa ilianza huko mwaka 2010. Kufikia 2014 kichaa cha mbwa kilikuwa kimetoweka kisiwani. Uchanjaji ukalegea, na mwaka 2016 ugonjwa ukarudi, ukiingizwa kutoka nje ya kisiwa. Watu wakarudi kazini, wakachanja upya, na kufikia mwishoni mwa 2018 ugonjwa ulikuwa umekatika tena.

Pemba ni kisiwa ambacho karibu kila mkazi wake ni Mwislamu, na mbwa hapewi nafasi sebuleni wala kwenye picha za familia. Hata hivyo kilifanya kile ambacho mitaa ya Dar es Salaam inayofuga mbwa kwa mapenzi makubwa bado haijakifanya. Si lazima umpende mbwa ndipo umwekee utaratibu. Pengine asiyempenda ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kuutaka.

Nalisema hilo nikijua kwamba pwani yetu suala la mbwa lina upande wa dini, na waandishi wengi huukwepa wasije wakaonekana wachochezi. Idd moja nilishuhudia pale Coco familia imetandika mkeka, watoto wako kwenye nguo mpya, baba ana kanzu nyeupe. Mbwa mkubwa akatoka majini bila kamba, akaja mbio, akasimama hatua moja kutoka kwenye mkeka, akajikung'uta. Maji yakaruka kwenye kanzu, kwenye sahani ya biriani na kwenye gauni la mtoto. Aliyekuwa na mbwa akacheka, akasema kwa mbali, "Hang'ati!" Baba wa watu hakuwa ameogopa kung'atwa. Alikuwa anafikiria Magharibi iliyokaribia, na nguo moja aliyokuja nayo. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao huu, umajimaji wa mbwa ni najisi nzito: panapoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. "Hang'ati" halikuwa jibu la swali lake.

Lakini dini hiyo hiyo isitumiwe kuhalalisha mawe. Wanaofundishwa kuosha mara saba hufundishwa pia, katika Hadithi zilizo mashuhuri, kisa cha mtu aliyeteremka kisimani kumchotea maji mbwa mwenye kiu, akasamehewa madhambi yake. Mbwa wa Watu wa Pangoni ametajwa ndani ya Kurani yenyewe. Muumini anaweza kutaka mbwa asimkaribie na wakati huo huo akachukia kumwona ananyongwa kwa waya. Hayo mawili hayagombani, na sheria nzuri inaweza kuyabeba yote.

Wenzetu wameyatatuaje? Uingereza, fukwe nyingi zenye waogaji wengi hufungwa kwa mbwa kuanzia Mei hadi Septemba, kisha hufunguliwa msimu wa baridi, wakati asiye na mbwa hana haja nazo. Chini ya sheria yao ya mwaka 2014, baraza la mji haliruhusiwi kutoa amri ya namna hiyo bila kwanza kushauriana na wananchi, na amri haidumu zaidi ya miaka mitatu isipohuishwa. New York walichagua saa. Kwa miaka mingi watu walikuwa wakiwafungulia mbwa wao kwenye bustani za jiji asubuhi na mapema, askari wakijifanya hawaoni. Mwaka 2007 jiji likayaweka mazoea hayo kwenye kanuni: katika bustani zilizoteuliwa, mbwa aweza kuwa huru kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa tatu usiku, kwa sharti kwamba aliyemleta awe na leseni ya mbwa na uthibitisho wa chanjo ya kichaa. Sharti hilo ndilo la kuiga. Jiji lilimpa mwenye mbwa kitu anachokitaka, likamtoza chanjo.

Sisi hatuna msimu wa baridi wa kugawana. Tuna saa. Ufukwe wa saa kumi na mbili na nusu asubuhi ni wa wakimbiaji, wavuvi na wenye mbwa. Wa saa kumi jioni ni wa watoto na mihogo. Mbwa waruhusiwe wakiwa kwenye kamba kuanzia alfajiri hadi saa mbili asubuhi siku zote. Baada ya hapo wasiwepo, hasa jioni za Jumamosi, Jumapili na sikukuu zote. Hapo hakuna aliyefukuzwa baharini. Kila mmoja amepewa zamu yake. Mbwa wa polisi na mbwa anayemwongoza asiyeona wasiguswe na katazo hilo.

Nguvu ya kisheria ipo. Kenya wameliandika jambo hili hadi kwenye Katiba yao ya mwaka 2010: Jedwali la Nne linaipa kaunti kazi ya kudhibiti wanyama na ustawi wao, na leseni za mbwa zimetajwa waziwazi. Kwa hiyo Mombasa, Kwale na Kilifi haziwezi kusema mbwa wa Nyali, Diani au Watamu ni kazi ya Nairobi. Tanzania, sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982, Na. 7 kwa wilaya na Na. 8 kwa miji, zinazipa halmashauri mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Tunayo pia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kinachokosekana ni kurasa mbili tatu zilizoandikwa na mtu aliyewahi kufika ufukweni.

Zikiandikwa, ziwe na jambo moja linalotokana na maisha yetu. Kwetu anayeshika kamba si mwenye mbwa. Tazama anayewatembeza mbwa Masaki na Oysterbay asubuhi: ni kijana wa kazi, ndala miguuni, anavutwa na mbwa wawili wenye uzito kumshinda. Hakuwachagua yeye, hakuamua wachanjwe au wasichanjwe, na akiambiwa "wafungue wakimbie kidogo" hana ubavu wa kukataa. Mgambo akimkamata, faini itakatwa kwenye mshahara wake, na bosi hatajua hata kwamba ipo sheria. Sheria ndogo itamke wazi kwamba mwenye kosa ni mmiliki wa nyumba alikosajiliwa mbwa, na hati ya faini ipelekwe getini. Bila kifungu hicho tutakuwa tumetunga sheria ya kuwaadhibu wafanyakazi wa ndani.

Usajili huo uwe bure. Halmashauri zetu zikisikia neno leseni, masikio husimama: chanzo kipya cha mapato! Waingereza walikuwa na leseni ya mbwa kwa zaidi ya karne. Ilipofutwa mwishoni mwa miaka ya 1980 ada yake ilikuwa peni 37, wengi hawakuilipa, na kuikusanya kulikuwa kazi isiyo na tija. Mtu wa Tandale au Likoni anayefuga mbwa kwa sababu mlango wake hauna kitasa hatalipa ada ya mwaka. Atamficha mbwa, na mbwa aliyefichwa hachanjwi. Mahali pa kumsajili ni palepale anapochanjwa.

Aliyewahi kufika kwenye zoezi la chanjo anajua kwamba linawezekana. Bodaboda imepita jana yake na kipaza sauti. Asubuhi uwanja wa shule ya msingi umejaa watoto, maana wao ndio huwaleta mbwa: huyu kamfunga Simba kwa kamba ya katani, yule kamvuta Popi kwa kipande cha kanga ya mama, mwingine kabeba watoto watatu wa mbwa ndani ya kiroba. Chini ya mwembe iko meza, pembeni kisanduku cha barafu chenye dawa. Afisa mifugo anachoma, msaidizi wake anauliza jina la mbwa na la mwenyewe, anajaza kadi, anamkabidhi mtoto. Kadi ile tayari ni usajili. Kilichobaki ni kuongeza kibati cha shingoni chenye namba, kinachobadilishwa rangi kila mwaka, ili hata aliye mbali amwone mbwa aliyechanjwa na asiyechanjwa. Mwenye kibati cha mwaka huu aingie ufukweni kwenye saa zake. Asiyenacho arudi nyumbani, na mwenyewe apewe tarehe ya chanjo kabla ya kupewa faini.

Kuna mambo mengine yanayohitaji mstari mmoja mmoja tu kwenye sheria, lakini yasisahauliwe. Kinyesi kiokotwe na aliyemleta mbwa, maana minyoo ya mbwa huacha mabuu mchangani, nayo hupenya kwenye unyayo wa mtoto na kumchorea mistari myekundu iliyojipinda chini ya ngozi. Katika fukwe ambako kasa hutaga, kama zile za Mafia, baadhi za Kigamboni, na Watamu upande wa Kenya, mbwa wasiingie usiku hata kwa kamba. Mayai hukaa mchangani kwa karibu miezi miwili, na mbwa mmoja anayejua kufukua huyamaliza kwa usiku mmoja. Na kwenye madiko ya samaki yawepo mapipa yenye vifuniko kwa ajili ya matumbo na vichwa. Mbwa wa diko hakuja kupunga upepo, alifuata chakula. Unaweza kuwaua wote leo. Kama chakula kimebaki mchangani, wengine watafika kabla ya mwezi kuandama.

Naujua ubishi unaokuja. Wa kwanza: halmashauri haina maji, haina madawati, wewe unaongelea mbwa? Ndiyo, kwa sababu jambo hili ni rahisi kuliko mengi. Halihitaji mkopo wa benki ya nje wala mhandisi mshauri. Linahitaji maafisa mifugo ambao tayari wako kwenye malipo, chanjo, vibati na vibao vya kuonyesha saa. Halmashauri inayoshindwa kupanga saa za mbwa itapangaje saa za malori ya mchanga?

Wa pili ni mzito zaidi: sheria ndogo kwetu ni mtego wa mgambo. Kila katazo jipya ni mfuko mpya wa rushwa, na siku ya kwanza watakaokamatwa ni mbwa na watu wasio na sauti. Ubishi huu nauheshimu, na ndiyo maana nataka masharti machache yanayoonekana kwa macho. Kamba ipo au haipo. Kibati ni cha mwaka huu au si cha mwaka huu. Saa mbili imepita au haijapita. Rushwa hustawi pale askari anapopewa kupima "usumbufu" au "ukali"; haistawi sana kwenye kitu ambacho muuza mihogo aliye pembeni anakiona na anaweza kukisema kwa sauti. Malipo nayo yapite kwenye namba ya kumbukumbu ya serikali, si mkononi.

Wa tatu hutoka kwa wapenzi wa mbwa: ufukwe ni wetu pia, na mbwa wangu hajamdhuru mtu. Kweli, ufukwe ni wako pia. Lakini mtoto anayekimbia akipiga kelele kwa sababu ya mbwa wako hakuombwa ridhaa yake, wala yule baba wa kanzu. Hiari ya kumfuga mbwa ilikuwa yako, na gharama ya hiari hiyo haiwezi kulipwa na aliyekuja kuoga. Ukipewa saa mbili za asubuhi zenye ufukwe mweupe na upepo safi, umepewa sehemu nzuri kuliko wanayoipata wengi.

Bajeti za halmashauri huandaliwa miezi kadhaa kabla ya Julai, na hapo ndipo penye nafasi. Usimuulize diwani wako kama anapenda mbwa, wala kama atawaondoa. Muulize kata yake ina mbwa wangapi, na kati yao wangapi walichanjwa mwaka huu. Akijua, mzungumzie saa na vibati. Asipojua, asikubaliwe kupitisha katazo lolote wala kutuma bunduki mtaani. Kazi yake ya kwanza ni kwenda kuhesabu.